Kupanda na Kufanya Sanaa za Asili Nyumbani na Watoto Jijini Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wazazi na walezi wa Nairobi wanaotaka kupanda kitu na watoto, au kutengeneza kitu kwa majani, mbegu na maganda yaliyoko jikoni. Msimamo wangu utauona kote: chagua kazi ndogo kiasi kwamba mtoto mwenyewe ataifanya tangu kufukia mbegu hadi kula, hata mistari yake ikienda mshazari. Bustani iliyolimwa na mzazi huku mtoto akisimama kando akitazama ni bustani ya mzazi.

Tunaishi ghorofani na hatuna ardhi. Tupande wapi?

Barazani, dirishani, au juu ya paa ikiwa mwenye nyumba amekubali. Kabla ya kununua chochote, chunguzeni jua. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua huhama upande: kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba hupitia kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi hupitia kusini. Ndiyo sababu baraza linalotazama kusini linaweza kumea vizuri Desemba na kudumaa Juni, na watu wakadhani wamekosea mbegu. Baraza la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, na hilo ndilo ningelichagua kwa mboga za majani.

Mpe mtoto chaki na umwachie kazi ya kuchora ukingo wa kivuli sakafuni: wakati wa kifungua kinywa, wakati wa chakula cha mchana, na jioni akitoka kucheza. Baada ya siku moja mtajua mahali penye jua la kutosha. Mboga za majani zinataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 hivi kwa siku, nyanya na pilipili hoho saa 6 au zaidi. Mitaa kama Pipeline, ambako majumba yamesongamana, unaweza kukosa hata saa 1. Hapo usilazimishe nyanya. Otesheni ndengu na vitunguu majani, na nguvu nyingine mziweke kwenye sanaa.

Chombo chochote chenye kina cha sentimita 20 kinatosha sukuma wiki: ndoo iliyopasuka, jerikeni ya mafuta ya kupikia iliyokatwa, beseni kuukuu. Kitoboe chini. Usitumie kilichowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali, hata ukikiosha mara ngapi. Halafu weka sahani au beseni chini ya kila chombo, na mmwagilie alfajiri kabla watu hawajaanika nguo. Maji ya matope yakidondokea shuka za jirani wa chini, utaletewa malalamiko, na utakuwa huna la kujitetea.

Tuanze na nini ili mtoto asichoke kungoja?

Anzeni na kitu kinachobadilika ndani ya siku chache.

Ndengu ndizo za kwanza. Loweka konzi moja usiku, zimwage maji asubuhi, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, na mtoto azisuuze asubuhi na jioni. Siku ya 2 au ya 3 mikia myeupe imetoka. Zikaange na kitunguu, mle. Kwa watoto wadogo nasisitiza zipikwe, kwa sababu joto na unyevu unaoziotesha huzalisha pia vijidudu.

Kisha maharagwe ndani ya glasi. Tandaza gazeti au karatasi ya shashi kwenye ukuta wa ndani wa glasi, chomeka maharagwe 4 au 5 kati ya karatasi na glasi, na uweke maji kidogo chini bila kuyazamisha maharagwe. Nyayo, rosecoco, ya manjano, yoyote yaliyoko kabatini yanafaa ilimradi hayajazeeka mno. Mzizi hutoka kwanza, shina baadaye, kwa kawaida ndani ya wiki moja. Sasa fanyeni hivi: mzizi ukifika urefu wa kidole cha mtoto, laza glasi ubavu na mwiache usiku kucha. Kesho yake au keshokutwa ncha ya mzizi itakuwa imepinda na kuelekea chini tena. Mmea huhisi mvuto wa dunia, na mtoto wa miaka 6 aliyeuona mzizi ukigeuka hahitaji maelezo marefu. Maharagwe haya ni ya kutazama na kupanda tu. Maharagwe mabichi yana sumu inayoumiza tumbo.

Vitunguu majani vina haraka ya kushangaza: kata majani ya kupika, bakisha sentimita 3 zenye mizizi, zisimamishe ndani ya kikombe chenye maji kidogo. Kufikia siku ya pili utaona umeongezeka.

Mkihamia kwenye udongo, terere huvunwa wiki ya 4 hivi tangu mbegu kuingia chini. Dania huchukua siku 10 hadi 14 kuchipua; ile ya dukani ya viungo huota, lakini kila punje ina mbegu mbili ndani, kwa hiyo mtoto aiviringishe taratibu kwa chupa hadi ipasuke. Sukuma wiki inunue ikiwa miche. Karoti, kabichi na vitunguu maji viacheni mpaka mtoto awe amekwisha kula kitu alichopanda.

Mbegu za agrovet ni salama kwa watoto?

Pakiti ndogo za mboga kwa kawaida ni salama, lakini tazama rangi. Mbegu za mahindi na nyingine nyingi hupakwa dawa yenye rangi ya waridi, kijani au buluu ili zisioze wala kuliwa na wadudu ardhini. Hizo si za kushikwa na mtoto, si za kubandika kwenye picha, na kamwe si za kula. Kwa kazi za mikono tumia mbegu za chakula: mahindi ya githeri, njahi, ndengu, mbegu za boga, bisi.

Udongo tutoe wapi?

Udongo wa Nairobi ni wa aina mbili kuu. Upande wa magharibi na kaskazini, kama Kabete, Karen na kuelekea Kiambu, ni mwekundu, hupitisha maji na mimea huupenda. Upande wa mashariki na kusini, kama Embakasi na South C, ni ule mweusi unaonata buti wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mweusi una rutuba, ila ndani ya kopo hukaza na kuozesha mizizi.

Vitalu vya kando ya barabara, kwa mfano Ngong Road, huuza udongo mwekundu kwa gunia. Changanya makopo mawili ya udongo na kopo moja la samadi iliyooza vizuri, na ongeza konzi ya mchanga ikiwa unanata. Samadi ya mbuzi ni nyepesi kushughulikia. Ya kuku huunguza miche ikiwa bado mbichi. Samadi iliyokomaa hainuki kinyesi, inanuka udongo. Usichote kando ya barabara kuu, karibu na gereji, wala palipotupwa taka.

Wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kazi, na kucha zisuguliwe. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda ya mtoto iko sawa.

Gunia la sukuma wiki linatengenezwaje?

Hii ni kazi ya Jumamosi nzima na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kila mtoto anapata la kufanya. Mitaa ya Nairobi inaifahamu vizuri. Kibera magunia ya mboga yalienea baada ya mwaka 2008, na hadi leo utayaona vichochoroni.

Mnahitaji gunia la kilo 90, kokoto, udongo uliochanganywa na samadi, na kopo kubwa lililotolewa kitako na kifuniko. Kunja mdomo wa gunia hadi lifike kimo cha kiuno cha mtoto mdogo kuliko wote. Gunia refu ni la watu wazima. Simamisha kopo katikati, mjaze kokoto ndani yake, kisha udongo pande zote kulizunguka. Vuta kopo juu polepole, kokoto zibaki. Jazeni tena, vuteni tena, mpaka juu. Mwishoni mtakuwa na nguzo ya kokoto katikati ya gunia, na maji yakimwagwa hapo hushuka hadi chini badala ya kuloanisha juu peke yake. Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuona kokoto ni mzigo, halafu miche ya chini hukauka huku ya juu ikistawi.

Mwagia maji mengi, mliache litulie siku 2. Ndipo mtoboe ubavuni matundu yanayopishana, nafasi ya shibiri ya mtu mzima kati ya moja na jingine. Kisu anashika mtu mzima. Mtoto anasukuma mche ndani kwa kidole, mizizi ikielekea chini kidogo, na kukandamiza udongo. Juu kabisa wekeni dania au vitunguu majani. Mfanye jioni ili jua lisiichome miche kabla haijashika.

Majani ya chini ya sukuma huanza kuvunwa baada ya wiki 4 hadi 6. Lichagulieni mahali mapema: gunia lililojaa udongo mbichi lina uzito wa watu wazima wawili au zaidi, halihamishiki, na si la kuweka kwenye baraza la ghorofa.

Maji yetu ni ya mgao. Tutamwagilia nini?

Maji ya kuoshea mchele, ndengu na mboga, yaliyokusanywa kwenye beseni. Maji mengi ya jiji husafiri kutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mtoto akijua yanatoka mbali hivyo huacha kuyachezea. Maji ya kufulia yenye sabuni kali usiyamwage kwenye mboga.

Kwa udongo ulio ndani ya kopo, pima kwa kidole: kikizama hadi kifundo cha kwanza na bado kuna unyevu, msimwagilie. Mimea ya watoto hufa kwa maji mengi mara nyingi kuliko kwa kiu. Tandaza nyasi kavu au maganda makavu ya mahindi juu ya udongo ili usikauke haraka.

Maji yanayotuama sahanini chini ya makopo yamwage kila baada ya siku 2 au 3. Mbu anahitaji wiki moja hivi tu kutoka yai hadi kuruka.

Msimu gani ni mzuri?

Mvua ndefu za Machi hadi Mei, na fupi za Oktoba hadi Desemba. Ukiwa na maji unaweza kupanda wakati wowote. Julai na Agosti kuna mawingu na baridi, mbegu huchelewa, na mtoto hudhani zimekufa. Huo ni wakati wa kubandika, kupaka na kukausha maua.

Kuna vidudu vidogo vya kijani au vyeusi vimejaa chini ya majani.

Ni vidukari. Changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji na lita moja ya maji, nyunyizieni chini ya majani jioni, rudieni baada ya siku 3. Kabla ya kunyunyizia, mtoto atafute mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi. Huyo hula vidukari, mwacheni. Konokono waokoteni usiku kwa tochi, kazi ambayo watoto huigombania. Dawa kali za dukani siziruhusu kabisa kwenye bustani inayoguswa na watoto.

Na Nairobi fly?

Hili ni swali la maana, hasa mvua ikizidi. Ni mdudu mwembamba mwenye vipande vya rangi ya machungwa na nyeusi, mfupi kuliko sentimita moja. Haumi wala hadungi. Madhara yake huja anapopondwa juu ya ngozi: majimaji ya mwilini mwake hubabua, na lengelenge huonekana baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mfundishe mtoto kumpuliza, au kumwacha apande juu ya jani, na asimpige kamwe. Akipondeka, oshea mahali hapo kwa sabuni na maji mengi mara moja, na mtoto asijiguse machoni. Majimaji hayo yakifika jichoni, nendeni hospitali. Wadudu hawa hufuata mwanga, hivyo funga pazia kabla ya kuwasha taa.

Mimea gani tuwaonye watoto?

Mbarika, ambao mbegu zake zenye mabaka huvutia kama shanga na zina sumu kali. Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazotungwa mikufu, zina sumu kali vilevile zikitafunwa. Tarumbeta, yale maua makubwa yanayoning'inia kwenye nyua nyingi. Mnyaa wa uani: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza. Ndulele watoto hufanya magurudumu ya magari, mchezo wa miaka mingi, lakini matunda yake ya manjano si ya kuonja. Managu majani yake ni mboga. Vitunda vyake vya kijani visiliwe.

Sheria ya nyumbani iwe moja: hakuna kinachoingia mdomoni kabla ya kumuuliza mtu mzima.

Kunanyesha na hatuwezi kutoka. Tufanye sanaa gani?

Fungua kabati la viungo. Koroga kijiko cha manjano na maji kidogo, mpake karatasi nyeupe yote, iacheni ikauke. Yeyusha magadi kidogo kwenye kikombe cha maji, ile magadi inayotiwa kwenye mboga za kienyeji na kuchimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa jiji. Mtoto achovye pamba ya masikio kwenye maji hayo na kuchora juu ya karatasi ya manjano. Mchoro utatokea mwekundu. Kisha achovye nyingine kwenye maji ya ndimu na kupitisha juu ya wekundu, nao utarudi kuwa wa manjano. Manjano hubadili rangi ikikutana na magadi, sabuni au maji ya majivu, na asidi ya ndimu huirudisha. Wape vikombe vyote na uondoke hapo. Watajaribu siki, maziwa, chai, kila kilichopo, na huko ndiko kujifunza kuliko. Magadi yasiingie machoni, na fulana nyeupe zivuliwe kabla.

Maganda makavu ya vitunguu maji yakichemshwa nusu saa hutoa rangi ya dhahabu hadi kahawia, nzuri kwa vipande vya pamba nyeupe. Makokwa ya avokado yakikatwa na kuchemshwa polepole hutoa waridi hafifu. Ukifunga kitambaa kwa uzi kabla ya kukitumbukiza, sehemu zilizofungwa hubaki nyeupe.

Kwa majani: lalisha jani upande wa mishipa juu, funika kwa karatasi nyembamba, sugua kwa ubavu wa krayoni. Maua ya mjakaranda, yanayotandaza zambarau kwenye barabara za jiji Septemba hadi Novemba, yaokotwe yakiwa hayajanyauka, yalazwe kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, na gazeti libadilishwe kila siku mpaka yakauke, la sivyo yatageuka kahawia.

Maganda ya mahindi ya kuchoma hutoa mwanasesere: yaloweke, kunja manne katikati juu ya kipira cha karatasi, funga shingo kwa uzi, pitisha ganda lililoviringishwa liwe mikono, funga kiuno. Majani makavu ya mgomba hufanya mpira. Shosho akiwepo, muulize. Mikono yake inajua kusuka mpira huo kuliko maelezo yoyote, na wajukuu watakaa kimya kumtazama.

Umri gani unafaa?

Wa miaka 2 anaweza kumwaga maji na kuchimba kwa kijiko. Chini ya miaka 3 usimwachie maharagwe wala mahindi bila kumtazama: huingizwa puani na masikioni, na haragwe likipata unyevu humo huvimba. Wa miaka 4 hupanda mbegu kubwa. Kuanzia 7 anaweza kumiliki kopo lake mwenyewe na kupima mmea kwa rula. Gredi ya 4 na kuendelea wanajifunza kilimo shuleni, kwa hiyo mpe daftari aandike tarehe na vipimo. Mradi ukiitishwa ghafla, atakuwa nao.

Mtoto wetu anaogopa minyoo na uchafu.

Mpe glavu, mpe kijiko, na usimcheke. Aanze na glasi ya maharagwe isiyo na udongo kabisa.

Tukitaka kutoka, tuwapeleke wapi?

Arboretum, iliyoanzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za garimoshi, ina miti mingi iliyoandikwa majina na kimo chake kinamfanya mtoto ainue kichwa. Karura ina miti ya kwetu kama muhugu na mukinduri. Waambieni watoto kwa nini msitu huo bado upo: 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo kupinga ugawaji wa ardhi yake, wakapigwa, lakini hawakuacha. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Chupa za maji za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga tangu Juni 2020, hivyo bebeni za kudumu. Msichume. Bebeni karatasi na krayoni, na mtoto asugue gamba la kila mti. Muundo wa mukaratusi na wa mukinduri haufanani hata kidogo.

Kokwa la avokado tulilootesha litazaa?

Huenda, baada ya miaka mingi, na tunda lisifanane na lile mlilokula. Wakulima hupandikiza kikonyo cha aina inayojulikana kama Hass au Fuerte. Lioteshe kwa ajili ya majani yake.

Mboga imekomaa na mtoto hataki ikatwe.

Muoneshe kwamba kuvuna sukuma si kuua. Majani ya chini mawili au matatu yanakwanyuliwa kwa kuyasukuma chini, kilele kinabaki, na wiki ijayo kuna mengine. Apike naye, hata kama kazi yake ni kuosha tu na kutia chumvi.

Mche mmoja wa dania na mmoja wa terere iacheni itoe maua hadi mbegu zikauke zenyewe. Mzipukutishe kwenye gazeti, mpulize makapi, mzitie kwenye bahasha yenye jina la mtoto na tarehe, na mziweke mahali pakavu mpaka mvua ijayo. Bahasha iwe ya karatasi. Ndani ya plastiki unyevu hubaki na mbegu huvunda.